Upande wa Kushoto

Kangemi, Jumapili, saa tisa alasiri

Mwende mami,

Wewe na mama yako mmetoka sasa hivi kwenda Uthiru kumuaga shangazi yako, na najua hamtarudi kabla ya chai ya jioni, maana shangazi yako hajui kumuaga mtu kwa kifupi. Nimebaki peke yangu na sanduku lako hapa mlangoni, limefungwa kamba tayari. Kesho asubuhi unaenda chuo cha ualimu. Mambo ya blanketi, sabuni na kutomwazima kila mtu ndoo yako, mama yako ameyasema mara tatu na mimi sina la kuongeza. Nina jambo lingine ambalo nimekaa nalo miaka minne.

Alhamisi, shangazi yako alipokuja mkawa mnakunja nguo chumbani, mimi nilikuwa nje ya dirisha nikikaza waya wa kuanikia. Shangazi yako alikuuliza kama una furaha. Ukamjibu, "Niko na furaha, aunti, lakini naogopa darasa. Mimi sina sauti. Watoto wa nyuma hawatanisikia. Hata Baba alishaniambia."

Shangazi alicheka, akasema utazoea. Mimi niliuacha ule waya ukining'inia, nikaenda nyuma ya nyumba na kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilikuwa nimekusikia kila neno, na ulikuwa hata hujapaza sauti. Nataka nikueleze kwa nini siku hizi nakusikia, na kwa nini wakati ule sikukusikia.

Ulikuwa kidato cha pili. Wakati huo nilikuwa bado na Njoroge kule mjini, kwenye kile chumba cha ghorofani nyuma ya Luthuli Avenue. Tulikuwa tumefanya kazi meza moja miaka kumi na moja. Ulimjua, ndiye aliyekutengenezea redio ndogo ya kaseti ulipofaulu darasa la nane.

Siku moja akapanda ngazi mama mmoja mzee, Mhindi wa Goa, mwalimu wa muziki aliyestaafu. Aliitwa Mama Fernandes, mjane wa Parklands. Nyuma yake alikuwa bawabu wa nyumba yao amebeba amplifaya kubwa ya Kijapani, ya miaka ya sabini, yenye uso wa fedha na pembeni mbao. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Kila siku saa kumi alasiri alikaa na chai yake akasikiliza santuri za mumewe kwa hiyo amplifaya, na aliniambia kwamba hiyo ndiyo saa pekee ambayo nyumba yake haimwogopeshi.

"Shida iko nini, mama?" nikamuuliza.

"Upande ya kushoto inakufa, halafu inarudi," akasema. "Kama mtu anatoka kwa room bila kuaga."

Mwende, kifaa kilichokufa kabisa hakinisumbui. Unakipima, unakuta pale umeme unapoishia, unabadilisha kilichoungua. Kinachosumbua ni kile kinachokata na kurudi, kwa sababu kikifika mbele ya fundi kinatulia. Amplifaya ya Mama Fernandes ilipiga muziki mezani kwetu siku mbili nzima bila kosa. Siku ya tatu, tukiwa tunakula, spika ya kushoto ikanyamaza. Njoroge akainuka na ugali mkononi, hata kabla hajaigusa ikarudi.

Nilianza na yaliyo rahisi. Nilipuliza dawa ya kusafishia swichi ndani ya kile kinobu cha sauti, nikakizungusha huku na huku mpaka mkwaruzo ukaisha. Ikakata tena. Nikasafisha matundu ya waya nyuma. Ikakata. Mwishowe nikaazima mwiko kwa mama anayepika pale chini, nikaiacha amplifaya ikicheza huku mfuniko umetolewa, na kwa mpini wa ule mwiko nikawa nagonga bodi taratibu, sehemu baada ya sehemu. Nilipofika karibu na relei, kile kiswichi cha ndani kinacholia "tak" ukiwasha, sauti ya kushoto ikapotea. Nikagonga tena, ikarudi. Nikachukua lenzi. Kwenye solda, ile risasi iliyoyeyushwa kushika mguu wa ile relei, kulikuwa na ufa wa mviringo, mwembamba kuliko unywele. Amplifaya ikipata joto, ufa unaachana, ikipoa unagusana.

Nilifurahi sana. Lakini kabla sijaushika ufa huo, simu ikaja kwamba Baba Mdogo amefariki Machakos. Nikamwachia Njoroge kazi ya kuichomelea upya, nikaenda mazishini, nikakaa wiki nzima.

Niliporudi, Njoroge alikuwa amemaliza. Nikaipeleka mwenyewe Parklands. Mama Fernandes akaweka santuri, akafumba macho, na baada ya muda akasema, "Asante sana, fundi. Sasa iko sawa kabisa."

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, na nikasikia wazi upande wa kushoto ukififia.

"Bado," nikamwambia.

"Bado nini?"

"Umekata. Hukusikia?"

Akanitazama. "Mimi nimefundisha piano miaka thelathini. Mimi nasikia yote mbili."

Unajua nilifanya nini? Nilichomoa ile amplifaya. Mwenye mali ameridhika, amefurahi, mimi namwambia ngoja. Nilikuwa najivunia kwamba mimi ndiye fundi asiyerudisha kazi nusu. Aliniacha nitoke nayo kwa sababu ana adabu kuliko mimi, lakini alisimama mlangoni akishika kikombe chake kitupu, na nikaiona hiyo sura yake mpaka nikafika barabarani.

Hapo ndipo wiki zangu tatu mbaya zilipoanza.

Kuna jaribio moja ambalo kila fundi hulifanya. Unachukua waya wa spika ya kushoto unauweka kulia, na wa kulia unauweka kushoto. Kosa likihamia upande mwingine, ugonjwa uko kwenye amplifaya. Likibaki palepale, ugonjwa uko kwenye spika au waya wake. Nikabadilisha. Kosa likabaki kushoto. Basi nikasema ni spika. Nikazihamisha spika zenyewe, ya kushoto ikakaa kulia. Kosa likabaki kushoto. Nikageuza waya za mashine ya sidii inayoleta muziki. Kushoto. Nikaleta amplifaya nyingine kabisa, ya mteja mwingine, nzima. Mwende, hata hiyo ikawa inakata kushoto! Mtu mwenye akili zake angesimama hapo akajiuliza. Mimi nikasema umeme wa jengo hili ni mbaya.

Njoroge alinivumilia. Aliweka kalamu nyuma ya sikio, akasikiliza, akasema, "Mimi naskia hii kitu poa. Pande zote."

"Sikiliza vizuri."

"Nimeskiza, Baba Mwende. Iko sawa. Rudishia mama ya watu redio yake."

Siku ya pili au ya tatu baada ya hapo, kulikuwa na wateja wanne mle chumbani. Ikakata. Nikamgeukia Njoroge nikamwambia kwa sauti kubwa, "Ni wewe. Uliweka solda baridi, haikushika. Nimekuachia kazi moja tu, wiki moja nimeenda kuzika mtu, na umeniharibia jina."

Njoroge aliweka chini alichokuwa ameshika. Akasema, "Miaka kumi na moja, na leo ndio sijui kuchomelea?" Akakusanya bisibisi zake moja moja, akazifunga kwenye kile kitambaa chake cha buluu, akashuka ngazi. Wateja wote walikuwa wakitazama dari.

Nyumbani nako nilikuwa hivyohivyo. Mama yako akiniita kutoka jikoni sijibu, akirudia namwambia asinipigie kelele. Simu nilikuwa naiweka sikio la kulia tu, bila hata kutambua. Na wewe nilikugombeza mara ngapi kwamba unaongea na mdomo umefungwa? Ulianza kunijibu kwa kutikisa kichwa. Nikakwambia huko ni kukosa heshima.

Sasa nafika pale.

Ilikuwa Jumapili uliyosoma somo la kwanza kanisani. Ulikuwa umesoma kwa miezi kadhaa, na mwalimu wa katekesi alikuwa akikusifu kila mara. Siku hiyo nilikaa mkono wa kulia kabisa, karibu na ukuta, sikio langu la kushoto likitazama kwenye mimbari. Niliona midomo yako ikienda. Sikupata hata sentensi moja. Nikaona aibu, nikidhani hakuna aliyesikia.

Mchana tulikuwa na wageni. Shangazi yako alikuwepo, na wale majirani wawili. Ulikuwa unapita na sinia la chapati. Nikasema mbele ya watu wote, "Mwende, leo ulikuwa unavisomea viatu vyako? Kama huna sauti, waachie wenye sauti."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Wewe uliweka lile sinia mezani taratibu, ukaenda nje, na hukurudi mpaka wageni walipoondoka. Wiki iliyofuata, mwalimu wa katekesi aliniambia umeomba kutolewa kwenye orodha ya wasomaji. Nikamjibu kwamba pengine ni masomo yamekuwa mengi.

Hivi ndivyo nilivyojua ukweli. Nilikuwa peke yangu kule dukani, alasiri, amplifaya ikicheza, nimekaa nikizitazama spika mbili. Kushoto kumekufa. Skrubu ikanidondoka, ikaviringika kuelekea mlangoni. Nikageuka kwenye kiti kuitafuta, mgongo ukawa kwenye spika. Na nikasikia kwamba ile spika iliyokuwa imekufa inaimba, na ile nzima ndiyo imenyamaza. Nikageuka mbele. Ya kushoto ikafa. Nikageuka nyuma. Ikafufuka. Nikafanya hivyo mara sita au saba, kama mwendawazimu, nikizunguka kwenye kiti. Kisha nikaziba sikio la kulia kwa kidole. Dunia yote ikanyamaza.

Nilizima amplifaya. Sikufikiria Njoroge wakati huo, wala wewe. Nilimfikiria babu yako. Wewe ulimkuta tayari ni kiziwi, ulidhani wazee wote ni hivyo. Mimi nilimwona akianza. Kwanza sikio moja, halafu la pili, halafu akawa anakaa pembeni watu wakimsema mbele yake kana kwamba ni gunia. Nikawaza, fundi wa redio asiyesikia atakuwa fundi wa nini? Basi nikaficha. Sikumwambia mama yako. Kila asubuhi nilivaa nikaenda mjini kama kawaida, nikawapokea watu nikitazama midomo yao.

Aliyenitoa kwenye maficho ni Mama Fernandes. Nilimrudishia amplifaya yake, nikimdanganya kwamba nimebadilisha kitu fulani. Alinikaribisha chai. Akawa ananieleza habari za mumewe, na mimi nikawa nageuza kichwa ili nimpate vizuri. Akaacha kuongea katikati. Akazunguka meza, akakaa upande wangu wa kulia.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu lini nini, mama?"

"Fundi, mimi si mjinga. Mzee yangu alifanya hivi hivi na kichwa. Alificha miaka mbili. Mimi nilifikiri amechoka na mimi." Akaniandikia karatasi yenye jina la kliniki, palepale Parklands, hatua chache kutoka kwake. "Kesho asubuhi. Ukikosa, nitakuja huko juu kwa ngazi, na magoti yangu ni mbaya."

Nilienda kwa sababu ya hayo magoti. Daktari alikuwa mama wa makamo, mchangamfu. Alitazama ndani ya sikio kwa tochi yake ndogo, akatazama mara ya pili, na katika muda huo mimi nilishakuwa kiziwi, nimefunga duka, nimerudi Machakos, nimekaa pembeni kama baba yangu.

"Huwa unasafisha masikio na nini?" akauliza.

"Njiti ya kiberiti, daktari. Na pamba kidogo."

"Basi pamba yako iko hapa ndani. Na nta imeizunguka imekuwa kama jiwe. Ukioga inavimba inaziba, ikikauka inaachia kidogo."

Alinipulizia maji ya vuguvugu kwa bomba la sindano. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili kizunguzungu. Mara ya tatu kitu kikadondoka kwenye kile kibakuli, cheusi, kidogo kama punje ya maharage. Na sauti zote zikaingia kwa pamoja. Nikasikia karatasi ikigeuzwa chumba cha pili. Nikasikia shati langu mwenyewe. Daktari akaenda nyuma yangu akanong'ona, "Unaitwa nani?" nami nikamjibu, kisha nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Alinipa kitambaa, akasema wanaume wengi hulia kwenye kile kiti, nisijali. Alipima na sikio la kulia. Lilikuwa zima. Akaniambia nisiingize tena kitu chochote kilicho kidogo kuliko kiwiko changu. Nilimaliza nusu saa kuelewa kwamba ule ni mzaha.

Nilitembea kwa miguu kutoka Parklands mpaka mjini nikisikiliza. Sijawahi kuwa mwepesi vile maishani mwangu, mami. Nilisikia hata minyororo ya baiskeli.

Halafu nikafika dukani, nikaona meza ya Njoroge tupu, na wepesi ukapungua.

Nilimtafuta. Alikuwa amepata kona kwenye jengo lingine, mtaa wa pili. Nilimkuta ameinama juu ya kazi, akaniacha nisimame mpaka akamaliza kuchomelea alichokuwa akichomelea. Nikamweleza yote, mpaka pamba. Akatoa miwani. "Kwa hivyo solda yangu ilikuwa poa."

"Ilikuwa nzuri kuliko yangu."

"Uliniaibisha mbele ya watu, Kyalo." Hajawahi kuniita jina langu tena tangu siku hiyo, wala kabla. "Kuja siku kuna watu, useme hivyo hivyo."

Nikaenda Jumamosi, wakati wa wateja, nikasema hivyohivyo. Akanipa kiti. Hakurudi kwenye meza yetu, na sikuwa na haki ya kumwomba arudi. Lakini hupita, tunakunywa chai, na akipata kazi ngumu huniletea.

Mama yako nilimweleza siku ileile ya kliniki. Alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Sasa mwambie Mwende."

Nikasema nitamwambia.

Sikukwambia. Kumwomba Njoroge msamaha kulikuwa kugumu, lakini Njoroge ni mtu mzima mwenzangu. Kukaa mbele ya mtoto wangu wa miaka kumi na mitano nikasema, ulisoma vizuri, ni mimi sikusikia, hilo lilinishinda. Nikakununulia viatu vile vya kahawia. Ulishangaa, ukauliza vya nini, nikasema vya shule. Nilidhani utarudi kusoma mwenyewe. Kila Jumapili nilikaa mbele kabisa nikingoja uinuke. Mama yako aliniuliza mara mbili, mara tatu, kisha akachoka kuniuliza. Miaka ikapita na wewe ukawa msichana mkimya, na watu wakasema ni tabia yako, na mimi niliwasikia wakisema hivyo na masikio yangu mawili mazima.

Basi na ujue sasa. Siku ile kanisani ulisikika. Nimehakikisha. Ijumaa, baada ya kukusikia dirishani, nilienda kwa yule mwalimu wa katekesi, nikamuuliza kama anakumbuka ulivyokuwa ukisoma. Akasema, "Mwende? Alikuwa anafika mpaka kwa wale wa nje mlangoni. Mpaka leo sijui kwa nini aliacha." Nikamwambia kwa nini.

Sauti yako haina kasoro. Aliyekuwa na kasoro ni mimi, kwa wiki chache, na kwa kiburi changu nikakugawia wewe kasoro hiyo uibebe miaka minne. Uache hapa nyumbani. Usiende nayo chuoni.

Sitakupa mawaidha ya ualimu, maana sijui ualimu. Labda hili moja nililolipia mwenyewe: ukija kukuta mtoto hajibu, hafuati, anageuzageuza kichwa, usimseme mbele ya wenzake. Nenda ukakae upande wake mwingine, kama yule mama alivyonifanyia.

Na ukikosea mtu, nenda siku hiyohiyo. Viatu havisemi kitu.

Mama yako alinishauri niiweke barua hii chini ya nguo kwenye sanduku, uikute ukiwa umeshafika. Nilikuwa nimekubali. Lakini nimeona kwamba hiyo ni njia nyingine ya kujificha, nikutupie maneno kisha niwe mbali ukiyasoma. Mkirudi nitakupa mkononi. Utaisoma hapa mezani, nami nitakuwa nimekaa mbele yako. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, na usipunguze sauti kwa ajili ya majirani. Sitainuka mpaka umalize.

Nimewasikia mkifungua geti.

Baba yako